Vilima vya Ngong na Sentensi Iliyozunguka Dunia

Barabara ya Magadi ikishatoka Kiserian huanza kupanda. Pembeni kuna maduka ya mabati, nyua za michongoma na mabango ya kuuza ploti, kisha ghafla ardhi inakatika mbele ya gari na Bonde la Ufa linajitandaza lote chini, kavu, rangi ya majivu, hadi upeo wa macho. Hapo ndipo Kona Baridi. Upepo unaovuka bega la kusini la vilima vya Ngong hupiga hapo mchana na usiku, na wachoma nyama wake huvaa makoti hata Januari, mwezi ambao bonde lililo chini yao huwa linawaka joto.

Siku za Jumamosi makundi ya vijana wa Nairobi huteremka hapa wakiwa hoi, vumbi hadi magotini, baada ya kuvuka vilele saba kutoka lango la Huduma ya Misitu upande wa mji wa Ngong. Wamepita mitambo ya umeme wa upepo ya KenGen, ambayo miwili ya kwanza ilitolewa na Ubelgiji mwaka 1993. Wamepita Lamwia, kilele kirefu kuliko vyote, mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Wakifika Kona Baridi huagiza mbuzi choma na soda, wakatazamana na vilima walivyotoka kuvivuka. Ni vilima vinavyojulikana na mamilioni ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Kenya, na sababu kubwa ya kujulikana huko ni sentensi moja ya filamu.

Filamu yenyewe ni Out of Africa, iliyotoka Desemba 1985. Sauti ya Meryl Streep, akiwa mwanamke mzee anayekumbuka, inaanza kumzungumzia mwanamume aliyekwenda porini na bunduki tatu na gramafoni ya kupigia Mozart. Baadaye kidogo ndipo anapolisema lile linalokumbukwa: kwamba aliwahi kuwa na shamba Afrika, chini ya vilima vya Ngong. Muziki wa John Barry unapanda, garimoshi linakata mbuga, na mtazamaji amekwisha kutekwa. Sentensi hiyo haikuandikwa na mtunzi wa filamu. Ndiyo inayofungua kitabu cha Karen Blixen, mwandishi wa Denmaki anayechezwa na Streep, kilichochapishwa mwaka 1937, na Sydney Pollack, mwongozaji wa filamu, aliona hapana haja ya kutafuta nyingine.

Ni sentensi inayotaja mali na wakati huohuo inatangaza kwamba mali hiyo imekwenda. Msikilizaji anajua tangu mwanzo kuwa huyu mtu amepoteza, na anataka kujua amepotezaje. Ndiyo maana imedumu. Lakini kuna swali jingine ambalo mtazamaji wa Copenhagen au Chicago hakupewa nafasi ya kuuliza, nalo ndilo la kwanza kumjia mtu wa Kajiado: shamba hilo lilikuwa la nani kabla yake?

Jibu limo katika maandishi, tena maandishi ya serikali. Agosti 1904, Olonana, laibon (kiongozi wa kiroho) mkuu wa Wamaasai ambaye Waingereza walimwita Lenana, pamoja na wazee wenzake, waliweka alama zao kwenye mkataba na Kamishna Sir Donald Stewart. Wamaasai walikubali kuondoka katika malisho mazuri ya Bonde la Ufa, na badala yake wakapewa maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini. Mkataba huo unautaja mlima Lamwia kwa jina. Unasema pia kwamba Olonana na watakaomrithi wataruhusiwa kukaa katika ardhi iliyo kati ya vijito vya Mbagathi na Kiserian, kuanzia Lamwia hadi vijito hivyo vinapokutana, isipokuwa vipande ambavyo walowezi watatu walikuwa wamekwisha kuvikalia. Mwenye kusimama Kona Baridi leo na kugeuza uso kutazama Kiserian anaitazama ardhi hiyohiyo. Hiyo nayo ni sentensi inayosema nani ana haki chini ya vilima vya Ngong, na iliandikwa miaka kumi kabla ya Karen Blixen kutia mguu Kenya.

Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Olonana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata mkataba wa pili uliichukua Laikipia. Watu na mifugo wakahamishwa kusini kwa awamu, katika misafara iliyoua ng'ombe wengi na watu pia, hadi mwaka 1913. Mwaka huo Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani kupinga. Kesi ilitupwa bila ushahidi kusikilizwa. Majaji walisema mikataba ile ni kama ya dola na dola, kwa hiyo mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Watu walionyang'anywa ardhi kwa madai kwamba wao ni raia wa kutawaliwa waliambiwa, walipotaka haki, kwamba wao ni taifa la kigeni. Katika historia yote ya ardhi ya Kenya ni vigumu kupata uamuzi mchungu zaidi ya huo.

Januari 1914, miezi michache tu baadaye, Karen Blixen aliteremka melini Mombasa na kufunga ndoa mjini humo na Bror von Blixen-Finecke, Mswidi aliyekuwa jamaa yake wa mbali. Ndugu zake wa Denmaki walitoa mtaji, na kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company ikaundwa. Shamba lilikuwa na ekari zipatazo 4,500, kati ya hizo kama 600 zikiwa za kahawa. Ng'ambo ya mto ilianzia Rizavu ya Wamaasai, ile ambayo Kona Baridi ilikuwa ndani yake.

Kahawa haikukubali. Shamba lilikuwa zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na baridi ileile iliyoipa Kona Baridi jina lake iliteremka hadi kwenye mibuni. Ukame ulifuata, na mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kikaungua. Mwaka 1925 ndoa ilivunjika. Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza aliyekuwa mpenzi wake, alikufa tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ndogo ilipoanguka Voi. Alikufa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau, ambaye wasimulizi wengi humsahau. Finch Hatton alizikwa mteremkoni juu ya Kiserian, na kaburi lake lenye nguzo ya mawe lipo hadi leo. Mwaka huohuo shamba liliuzwa kwa Remi Martin, mfanyabiashara wa ardhi, aliyelikata vipande vya makazi. Vipande hivyo ndivyo mtaa wa Karen. Basi shamba mashuhuri kuliko yote ya Afrika Mashariki liliishia kuwa ploti, muda mrefu kabla mabango ya Kiserian hayajapakwa rangi.

Walioishi na kufanya kazi shambani humo wengi wao walikuwa Wakikuyu, wakiitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kulima na kufuga hapo. Shamba lilipouzwa wakatakiwa waondoke. Kwa haki yake, Blixen aliwapigania; alizunguka ofisi za serikali akiomba wasitawanywe, na mwishowe walipewa ardhi ya pamoja Dagoretti. Katika filamu jambo hili limegeuzwa kuwa tukio moja, mwanamke anapiga magoti mbele ya Gavana hadharani. Ni tukio zuri kwa kutazamwa. Hata hivyo kamera inabaki kwa aliyepiga magoti, na wale wenye shida yenyewe hawamo katika picha.

Kabla ya Pollack, waongozaji wakubwa kama Orson Welles na David Lean walikwisha kuwazia kukifanya kitabu hiki filamu, wakashindwa. Hakina kisa kinachosonga mbele. Ni kumbukumbu zilizotawanyika. Mwandishi Kurt Luedtke aliongezea barua na maandishi ya wengine juu ya maisha ya Blixen, akapata hadithi ya mapenzi. Picha zilipigwa Kenya mwaka 1985. Nyumba inayoonekana si ile ambayo leo ni makumbusho ya Blixen bali ni ya Ngong Dairy, ambayo Blixen na mumewe waliishi mwanzoni. Nairobi ya enzi ya ukoloni ilijengwa upya kwa mbao na mabati. Simba waliofunzwa waliletwa kutoka California, Streep akasikiliza kanda za Blixen mwenyewe akisoma ili aipate lafudhi yake, na Robert Redford akaachwa aongee Kimarekani chake.

Wakenya pia wamo. Joseph Thiaka alicheza Kamante, mpishi wa Blixen, Stephen Kinyanjui akacheza chifu Kinanjui, na kijana Job Seda akawa Kanuthia, mfuasi wa Denys anayesema maneno machache mno. Job Seda huyo baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ayub Ogada, mpiga nyatiti, ambaye wimbo wake Kothbiro ulisikika mwaka 2005 katika The Constant Gardener, filamu nyingine iliyopigwa Kenya. Safari hiyo alikuwa na sauti.

Tarehe 24 Machi 1986 Out of Africa ilitwaa tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora ya mwaka. Kutoka hapo sentensi ikaanza safari yake. Marekani na Uingereza, mtu akitaka kumwigiza Streep huanzia hapo, akiivuta ile irabu ya kwanza ya Afrika mpaka wenzake wacheke. Wahariri wa magazeti waliigeuza vichwa vya habari, na mashirika ya utalii yakaiweka juu ya picha za mahema na machweo. Denmaki walikuwa wanaijua zamani kutokana na kitabu, na mwaka 1999 benki kuu ya nchi hiyo ilitia sura ya Blixen kwenye noti ya kroni 50.

Kenya nayo ilivuna. Nyumba ya Blixen, ambayo serikali ya Denmaki iliikabidhi Kenya baada ya uhuru, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986 huku filamu ikiwa bado moto. Ndani yake vitu vyake halisi vimewekwa pamoja na vilivyotengenezwa kwa ajili ya filamu, na mgeni asiyeuliza hawezi kutofautisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utalii uliipita kahawa katika kuiletea nchi fedha za kigeni. Bila shaka filamu haikuwa sababu pekee, ila ilisaidia sana. Shamba lililoshindwa kutoa kahawa liliishia kuiuza nchi kwa watalii.

Kuna sentensi ya pili katika filamu hiyo ambayo watu wa bara hili huipenda zaidi, nayo haikupata umaarufu wa ile ya kwanza. Blixen anataka kuzuia mto ili apate bwawa. Farah, msimamizi wake Msomali aliyechezwa na Malick Bowens, anamwambia kwamba maji hayo kwao ni Mombasa. Bwawa linapasuka, maji yanakwenda zake. Na kwa ramani Farah hakukosea sana. Maji ya Mbagathi yanaingia mto Athi, yanapita pembezoni mwa tambarare za Kitengela, mto unabadilika jina kuwa Galana na kisha Sabaki, na mwisho unamwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Hapo kuna mtu anayeijua nchi anayopita, akizungumza na mtu anayedhani ameinunua.

Waandishi wa Kenya hawakuinyamazia sentensi ile. Ngũgĩ wa Thiong'o alimshambulia Blixen kwenye hotuba aliyoitoa Denmaki kwenyewe mwaka 1980, miaka mitano kabla ya filamu, na akarudia katika shajara yake ya kifungoni. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mapenzi ya Blixen kwa Waafrika ni ya mtu kupenda wanyama wake, na kwamba uzuri wa lugha ndio unaokifanya kitabu kiwe cha hatari. Binyavanga Wainaina, mwaka 2005, aliandika insha ya kuwakejeli wote wanaoiandika Afrika kwa machweo na simanzi, na kila aliyeisoma alijua familia ya vitabu inayosemwa. Naye Kamante Gatura, yule mpishi halisi, alipata kusimulia upande wake katika kitabu kilichotoka mwaka 1975 kwa msaada wa mpiga picha Peter Beard. Kwa bahati mbaya hicho hakikufanywa filamu.

Ngũgĩ alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini kumkasirikia Blixen tu hakutoshi, kwa sababu sentensi yake imepata wasemaji wapya, nao wako Kajiado.

Mwaka 1968 serikali ya Kenya huru ilipitisha sheria ya ranchi za pamoja. Ardhi ya Wamaasai iliandikishwa kwa makundi, kila kundi likiwa na wawakilishi wake. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zilianza kugawanywa, kila mwanachama akapewa hati yake. Wengi waliona huo ni ulinzi: mwenye hati hanyang'anywi. Lakini hati inayomlinda mtu asinyang'anywe ndiyo hiyohiyo inayomwezesha kuuza. Nairobi ilikuwa inafurika, na eneo la viwanda vya kuuza nje lililofunguliwa Athi River mwaka 1990 lilivuta maelfu ya wafanyakazi waliohitaji pa kulala. Kitengela, iliyokuwa kituo kidogo kwenye barabara ya Namanga, ikawa mji wa magorofa. Ongata Rongai ikafuata, kisha Kiserian. Wanunuzi sasa wanapanda hadi Kona Baridi, na barabara ya Isinya hadi Kiserian imeunganisha pande zote mbili, hivyo dalali anaweza kuonyesha shamba la Kitengela asubuhi na la chini ya vilima alasiri.

Biashara hiyo ina lugha yake. Ekari inakatwa ploti za futi 50 kwa 100. Bango linaahidi maji, stima, hati mkononi, na hasa mandhari ya vilima vya Ngong. Hayo ndiyo maneno ya filamu yaliyopitia kwa mtalii yakamfikia dalali, na sasa yanamuuzia Mnairobi ndoto ya mwanamke wa Denmaki kwa malipo ya awamu.

Mzee aliyeuza ekari zake moja baada ya nyingine, kwa karo, kwa hospitali, kwa gari la mwanawe, leo anaweza kusimama Kona Baridi na kusema kwa ukweli mtupu kwamba alikuwa na shamba chini ya Ngong. Tofauti ni kwamba yeye hana pa kurudi. Blixen alipopoteza alirudi Rungsted, kwenye nyumba ya wazazi wake, akaandika, akawa mashuhuri. Mzee huyu nyumbani kwao ni hapahapa.

Si kila mmoja aliuza, na hilo linastahili kusemwa kwa nguvu. Kuanzia mwaka 2000, katika tambarare za Kitengela, familia kadhaa zililipwa kama dola nne kwa ekari kwa mwaka ili zisizungushe ua wala kuikata ardhi yao, nyumbu na pundamilia wa Mbuga ya Nairobi wapate pa kupita. Fedha hizo zilikuwa kidogo mno ukilinganisha na bei ya ploti. Waliozikubali walifanya hivyo kwa kuthamini mifugo na malisho yao kuliko bei ya soko.

Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yanailinda nyumba ya Blixen, na ni vema yanailinda. Kaburi la Finch Hatton nalo lina nguzo yake. Lakini katika njia yote ya vilele saba inayotembewa kila wiki na mamia ya watu haijasimuliwa vya kutosha habari ya Olonana, ya mwaka 1904, ya kesi ya 1913, wala ya vijito viwili vilivyotajwa kwa majina yao. Serikali ya Kaunti ya Kajiado ina wajibu hapo, na si wajibu wa gharama kubwa. Kifungu kile cha mkataba kiandikwe kwa Kimaasai, Kiswahili na Kiingereza, kiwekwe Lamwia na kingine Kona Baridi, njia inapoishia. Na wazee waliokuwepo ranchi zilipogawanywa warekodiwe sasa, wakiwa bado wanaweza kuonyesha kwa kidole mpaka wa kila boma ulipokuwa.